Waya wa Hasi Kwanza: Kinga ya Mkono na Jicho la Fundi wa Magari

Chini ya mwembe mmoja kando ya barabara jijini Dar es Salaam, mahali pasipo na kibao wala ukuta lakini kila dereva wa mtaa huo anajua kuwa ni gereji, gari dogo limesimama boneti ikiwa wazi. Stata imegoma kuzungusha injini. Fundi ameinama, akagonga hapa, akasikiliza pale, kisha akainuka akifuta mikono kwa kitambaa.

"Bosi, stata lazima ishuke. Itabidi tuachie betri kwanza."

"Fundi, betri usiiguse," anajibu mwenye gari bila kuondoa macho kwenye saa yake. "Safari iliyopita mliichomoa, redio ikadai namba za siri, mpaka leo haijaimba. Fungua hivyo hivyo, nina haraka."

Fundi anasitasita, kisha anamwachia kazi mwanagenzi wake. Kijana anashika spana. Kidoleni amevaa pete ya ndoa ambayo haijatimiza mwaka.

Mandhari ya namna hii hujirudia kila siku katika gereji za Afrika Mashariki, na mara nyingi huisha salama: stata inashuka, inatengenezwa, inarudishwa, na gari linaondoka. Lakini zipo siku ambazo spana iliyoko kwenye nati ya waya mnene wa stata hugusa chuma cha injini, na pete iko katikati ya hivyo viwili. Husikika mlio mkali, huonekana mwanga mweupe wenye ubuluu, na kijana hurusha mkono wake nyuma. Wanaokusanyika humpa pole na kusema maneno yaliyozoeleka: ajali haina kinga.

Ajali ya aina hii ina kinga, tena kinga isiyogharimu fedha. Ni spana moja, nati moja na muda usiozidi dakika moja. Kwa nini basi watu waliohitimu ufundi, wenye akili na uzoefu, huiacha? Jibu halimo katika uzembe peke yake. Limo katika imani iliyojengeka kwamba betri ya gari haina nguvu ya kumdhuru mtu.

Volti chache, ampea nyingi

Imani hiyo ina msingi wake. Fundi yeyote amewahi kugusa vichwa vyote viwili vya betri kwa mikono mikavu na hakuhisi kitu. Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi kikubwa, aghalabu kwa maelfu mengi ya omu, na msukumo wa volti 12 hautoshi kuvuka kizuizi hicho kwa kiwango cha kuhisika. Umeme wa nyumbani wa volti 230 humrusha mtu na unaweza kusimamisha moyo wake. Betri ya gari haifanyi hivyo. Kwa sababu hiyo mwanagenzi hujifunza mapema kuogopa soketi ya ukutani na kuidharau betri.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wa betri hauko katika volti zake, bali katika wingi wa umeme unaoweza kutoka kwa pamoja, ambao hupimwa kwa ampea. Betri ya gari ilibuniwa kwa kazi moja nzito, nayo ni kuzungusha injini iliyolala. Taa moja ya mbele yenye wati 55 hutumia takriban ampea 4 na nusu tu, ilhali stata ya gari dogo huweza kuvuta ampea 100 au 200 kwa wakati mmoja. Ili kumudu mzigo huo, betri imeundwa iwe na ukinzani mdogo sana ndani yake.

Sasa kipande cha chuma, kama vile spana, kinapounganisha kichwa chanya cha betri na bodi ya gari, hakuna chochote cha kuuzuia umeme huo. Ampea zinaweza kuzidi 1,000 kwa muda mfupi. Mashine ya kuchomelea vyuma inayounguruma katika karakana ya jirani kwa kawaida huunga mageti na madirisha kwa ampea zisizozidi 200. Shoti ya betri, kwa hiyo, ni mashine kadhaa za kuchomelea zilizowashwa kwa mara moja, katika kiganja cha mtu asiyevaa kinga yoyote.

Wengine hutegemea fyuzi. Fyuzi hulinda nyaya nyembamba za taa, redio na vipangusio vya kioo. Waya mnene uendao kwenye stata aghalabu hauna fyuzi, nao hubaki na umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwenye gari.

Pete inapogeuka kaa la moto

Umeme mwingi unapopita katika chuma chembamba huzaa joto, na joto hilo huongezeka kwa kasi kubwa: umeme ukizidishwa mara mbili, joto huzidi mara nne. Dhahabu, fedha na shaba ni vipitishi bora vya umeme, na kwa bahati mbaya ndivyo vyuma ambavyo watu hupenda kuvivaa. Pete, bangili, mkufu unaoning'inia shingoni fundi anapoinama, na saa yenye mkanda wa chuma vyote vinaweza kuwa daraja la umeme.

Ngozi ya binadamu haistahimili joto kwa muda mrefu. Kitu chenye nyuzi joto 60 za sentigredi kinahitaji sekunde chache tu kuiunguza hadi ndani. Chenye nyuzi 70 kinahitaji takriban sekunde moja. Pete iliyopitiwa na mamia ya ampea huvuka viwango hivyo kabla mtu hajapata wasaa wa kuvuta mkono, na kwa kuwa imekibana kidole pande zote, haidondoki. Huendelea kuunguza hata baada ya umeme kukatika, mpaka ipoe.

Jeraha linalopatikana lina sifa tatu zinazowafanya madaktari walihofu kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Kwanza, ni la kina. Pengine tabaka zote za ngozi hufa, na chini yake, milimita chache tu, zimo kano zinazokunja na kunyoosha kidole, pamoja na mishipa ya damu na ya fahamu. Pili, limekizunguka kidole kama mkanda. Ngozi iliyoungua hukakamaa na haitanuki, ilhali nyama iliyo ndani huvimba. Mkanda huo unaweza kuzuia damu isifike nchani. Tatu, na hili ndilo la hila zaidi, huenda lisiume. Ngozi nyeupe, ya kahawia au iliyokauka kama ngozi ya kiatu, isiyohisi hata ikiguswa, ni dalili kwamba miishio ya mishipa ya fahamu imeungua. Majeruhi hufarijika kwamba maumivu yamekwisha, akarudi kazini, na kufika hospitali siku ya tatu kidole kikiwa kimevimba na kubadilika rangi.

Kwa mtu anayekula kwa jasho la mikono yake, kidole kisichokunjika ni hasara ya maisha. Fundi hushika nati ndogo mahali asipopaona, akaitambua kwa ncha za vidole. Akipoteza hisia hiyo, amepoteza sehemu ya elimu yake.

Gesi isiyoonekana na maji yanayounguza

Hatari ya pili haihitaji pete. Betri nyingi za magari bado ni za risasi na asidi, aina iliyovumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei, na sahani za risasi zilizozama katika mchanganyiko wa maji na asidi ya salfuriki. Betri iliyojaa umeme huwa na asidi zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo.

Betri inapochajiwa, hasa inapokaribia kujaa au inapochajiwa kupita kiasi, maji yaliyomo huvunjika na kutoa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu. Ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha asilimia 4 hadi 75, inaweza kuwaka, na cheche ndogo kabisa hutosha kuiwasha. Betri ambayo maji yake yamepungua huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi gesi hiyo juu ya sahani, na hivyo ikilipuka hulipuka kwa kishindo zaidi.

Fundi anayefungua nati kizembe hutengeneza cheche hiyo mahali hasa gesi inapotokea, huku uso wake ukiwa umeinamia betri. Mlipuko hurusha vipande vya plastiki na asidi kwa pamoja. Jicho hupata pigo, mkato na moto wa asidi kwa mkupuo mmoja. Konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho, kikiungua hupoteza uangavu wake na kuwa kama dirisha lenye ukungu. Kovu likitanda katikati yake, mwanga haupiti ipasavyo, na jicho ambalo kwa nje linaonekana zima linaweza kubaki na uoni hafifu au kukosa uoni kabisa.

Sababu ya kuanza na hasi

Mafundi wengi hukariri kanuni ya "hasi kwanza" bila kuambiwa sababu yake, na kanuni isiyo na sababu husahaulika haraka. Sababu ni rahisi kueleweka. Katika takriban magari yote ya leo, waya wa hasi wa betri umefungwa kwenye bodi na injini. Chuma chote cha gari, tangu boneti hadi buti, ni kama mwendelezo wa kichwa hasi. Umeme hutoka chanya, hupita kwenye taa au stata, kisha hurudi kwa njia ya bodi.

Fundi akianza kufungua nati ya chanya, spana yake inakuwa imeshika chanya huku imezungukwa na hasi kila upande. Mpini ukiteleza na kugusa bodi, mzunguko unakamilika na shoti inatokea. Akianza na hasi, spana iliyoshika hasi ikigusa bodi hakuna kinachotokea, kwa sababu vyote viwili ni kitu kimoja. Waya huo ukishatoka na kuwekwa mbali, bodi haina tena uhusiano na betri. Sasa hata spana iliyoko kwenye chanya ikigusa bodi, umeme hauna njia ya kurudi nyumbani.

Wakati wa kurudisha, mpangilio hugeuzwa: chanya hufungwa kwanza, hasi hufungwa mwisho. Hoja ni ile ile. Kwa muda wote fundi anaposhughulika na chanya, bodi inapaswa kuwa imetengwa.

Hata hivyo lazima ikumbukwe kuwa betri haizimwi. Hata ikiwa imeondolewa garini na kuwekwa chini, umeme uko tayari kati ya vichwa vyake viwili. Spana iliyolazwa juu yake ikivigusa vyote viwili italeta shoti ile ile. Ndiyo maana betri si meza ya kuwekea zana.

Utaratibu kamili

Kazi huanza kabla ya kushika spana. Injini huzimwa, ufunguo hutolewa, taa na redio huzimwa, na breki ya mkono huvutwa. Iwapo betri imetoka kuchajiwa, boneti huachwa wazi kwa muda ili gesi itawanyike. Sigara na moto wa aina yoyote hukaa mbali. Mwenye gari huulizwa kama redio ina namba za siri, na kama anazo. Swali hilo moja lingemaliza ubishi ulioanza chini ya mwembe.

Hatua inayofuata ni kuvua pete, saa, bangili na mkufu. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Pete ya ndoa ni ahadi, na wapo wasiopenda kuivua hata kwa saa moja, kama ambavyo wapo wanaovaa bangili ya shaba kwa kuamini kuwa inawasaidia kiafya. Hakuna haja ya kubishana na imani ya mtu. Mfuko wa shati wenye kifungo, au kikopo kidogo chenye kifuniko kinachokaa kwenye sanduku la zana, hutunza pete salama hadi kazi iishe. Kuitundika pete kwenye mkufu shingoni si suluhisho, kwa kuwa ni kuihamisha hatari kutoka kidoleni hadi kifuani.

Baada ya hapo huvaliwa miwani ya kinga inayofunika macho hadi pembeni, na glavu za mpira zisizopenyeza asidi. Miwani ya jua haitoshi. Mpini wa spana ukifungwa kwa mpira au utepe wa kuzuia umeme, nafasi ya shoti hupungua zaidi.

Kisha hutambuliwa kichwa hasi. Kisitambuliwe kwa rangi ya waya peke yake, kwani nyaya hubadilishwa na mikono mingi. Alama ya kutoa iliyochapwa kwenye betri ndiyo ya kuaminiwa, na mara nyingi kichwa hasi huwa chembamba kidogo kuliko chanya. Nati hulegezwa, kwenye magari mengi madogo kwa spana ya namba 10, na kibano huinuliwa kwa kukizungusha taratibu bila kukigonga kwa nyundo. Waya wake husukumwa pembeni na kufunikwa kwa kitambaa kikavu au kipande cha mpira ili usijirudie wenyewe. Kwa kazi nyingi za umeme, kuondoa hasi peke yake kunatosha. Betri ikihitaji kutolewa kabisa, ndipo chanya nacho hufunguliwa na kichwa chake kufunikwa.

Betri ya gari dogo huwa na uzito wa kilo 10 hadi 20 au zaidi, na ya lori huizidi sana. Hubebwa kwa kukunja magoti, mgongo ukiwa umenyooka, ikiwa wima ili asidi isimwagike. Kazi ikiisha, mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa unga unaotanda kwenye vichwa vya betri una risasi, sumu inayodhuru ubongo, hasa wa watoto wanaomkimbilia baba anaporudi nyumbani na nguo za kazi.

Pale waya wa hasi peke yake usipotosha

Yapo magari ambayo utaratibu huu ni mwanzo tu. Gari lenye mifuko ya hewa huhifadhi umeme kidogo katika kapasita ili mifuko ifanye kazi hata betri ikikatika kwenye ajali. Fundi anayeanza kufungua usukani mara tu baada ya kuondoa hasi anaweza kuufyatua mfuko usoni pake. Vitabu vya Toyota, chapa iliyoenea mno katika barabara za Tanzania na Kenya, huagiza kusubiri angalau sekunde 90. Watengenezaji wengine hutaka muda mrefu zaidi, na kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho.

Malori na mabasi makubwa mengi hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfuatano. Hapo huanza kuondolewa ile hasi iliyofungwa kwenye chasisi, na fundi hukumbuka kwamba waya unaounganisha betri hizo mbili bado una umeme.

Magari mseto, kama vile Toyota Prius, yana betri ya pili ambayo volti zake huzidi 200, na nyaya zake hupakwa rangi ya machungwa ili zitambulike. Hapa kanuni ya awali inapinduka: umeme huu humpitia mtu na unaweza kumuua. Kuondoa betri ndogo ya volti 12 hakuifanyi ile kubwa kuwa salama. Kazi kwenye nyaya hizo ni ya fundi aliyefunzwa mahususi, mwenye glavu na vifaa vilivyopimwa kwa volti hizo. Dharau iliyolelewa kwa miaka mingi na betri ya volti 12 ndiyo silaha mbaya kuliko zote mbele ya gari la aina hiyo.

Dakika za mwanzo baada ya ajali

Kidole kilichounguzwa na pete hupozwa mara moja kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Barafu haifai, kwani huongeza uharibifu wa ngozi. Pete huvuliwa mapema wakati wa kupoza, kabla uvimbe haujaanza. Lakini ikiwa imeganda kwenye ngozi haivutwi kwa nguvu, hospitali wana kifaa cha kuikata. Dawa ya meno, grisi, mafuta ya breki, ute wa yai, unga na majivu visipakwe, maana hufunika jeraha, huleta vijidudu na humpa daktari kazi ya kusugua kabla ya kutibu. Jeraha hufunikwa kwa kitambaa safi, mkono huinuliwa juu ya usawa wa moyo, na majeruhi hupelekwa hospitali hata kama haumwi. Huko ataangaliwa pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Asidi ikiingia jichoni, kila sekunde ina thamani. Maji safi yoyote yaliyo karibu ndiyo dawa ya kwanza, na hayasubiri gari la wagonjwa. Majeruhi huinamisha kichwa upande wa jicho lililoumia, kope hushikwa zikiwa wazi, na maji humiminwa taratibu kutoka upande wa pua kuelekea nje ili yasiingie kwenye jicho zima. Zoezi hilo huendelea kwa dakika zisizopungua 20, hata kama majeruhi anasema amepata nafuu, kisha safari ya hospitali huanza. Maziwa, maji ya sukari, dawa za majani au bikaboneti ya soda havitiwi jichoni. Kipande cha plastiki kilichochoma jicho hakichomolewi wala jicho halikandamizwi. Humiminiwa maji kwa upole, kisha hufunikwa kwa kikombe kisafi kisichogusa jicho. Gereji ambayo haina bomba inapaswa kuwa na angalau ndoo yenye kifuniko iliyojaa maji safi, iliyotengwa kwa kazi hiyo tu.

Nguo iliyomwagikiwa asidi huvuliwa mara moja, na ngozi husuuzwa kwa maji mengi. Aidha, asidi ya akiba haiwekwi kamwe katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtu akiinywa kwa bahati mbaya, hatapishwi, kwa kuwa asidi itaunguza koo kwa mara ya pili; husukutua kinywa na kukimbizwa hospitali.

Dhamana ya kila mmoja

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya ya anaowaajiri. Lakini chini ya mwembe mara nyingi hakuna mkataba wala mwajiri anayejitambua kwa jina hilo. Yupo fundi mkuu na yupo kijana anayejifunza. Hapo sheria ya kweli ni desturi ya mahali. Mwanagenzi hatendi anachoambiwa, hutenda anachokiona. Fundi mkuu akivua saa yake na kuanza na waya wa hasi kila mara, mbele ya mteja mwenye haraka na asiye na haraka, amefundisha somo ambalo halihitaji ubao.

Mwenye gari naye ana sehemu yake. Redio iliyonyamaza inaweza kurudishwa kwa namba za siri, na saa ya dashibodi inaweza kurekebishwa kwa kidole kimoja. Asiyekuwa tayari kusubiri dakika hizo chache anamwomba mtu mwingine ahatarishe kidole chake ili yeye asipangilie upya stesheni zake.

Kwa mhudumu wa afya katika zahanati, ujumbe ni mfupi. Kijana akija na alama nyembamba ya moto iliyozunguka kidole, akisema ni jambo dogo la gereji na wala haliumi, asipewe malai na kurudishwa kazini. Apimwe kama ncha ya kidole ina joto, kama ikibinywa weupe wake hurudi kuwa mwekundu haraka, kama inahisi mguso, na kama kidole kinakunjika na kunyooka. Ikiwa kuna mashaka katika lolote kati ya hayo, au jeraha limekizunguka kidole chote, apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Na kwa kijana aliyeinamia injini, spana mkononi na mteja akimhimiza, yatosha kukumbuka mambo mawili kabla ya yote: pete iingie mfukoni, na nati ya kwanza kulegea iwe ya waya wa hasi.